Siku Mama Alipofua Skafu

Juzi, kwenye basi la Barabara ya Lawrence hapa Toronto, nilimwona kijana amevaa skafu ya timu ya Kijerumani ambayo baba aliishabikia alipokuwa mkimbizi kule Ujerumani, kabla ya kuhamia huku. Skafu ya baba ilinuka bia na moshi wa sigara. Alasiri moja, nilipokuwa mdogo, mama aliifua, akaianika bafuni.

Baba aliinusa, akakaa kitako sakafuni.

"Ilikuwa chafu, Baba Neema," mama alisema.

"Ilikuwa ya marehemu Pascal, rafiki yangu. Tulienda uwanjani pamoja. Harufu yake ndiyo niliyokuwa nimebaki nayo."

Mimi nilidhani baba ameichukia sabuni tu.

"Nisamehe, sikujua," mama alisema, akalia.

Tangu hapo, kila timu ile ilipocheza, mama alikaa kando ya baba, akishangilia mpira asiouelewa.