Salamu za Babu wa Nyuma ya Duka

Nilikuwa sokoni nachagua nyanya, simu ikaita. Alikuwa mwenye duka la vitambaa kule mjini, mjukuu wa mzee aliyelijenga, ambaye utotoni nilikuwa nikigombania naye baiskeli isiyokwenda popote. "Dada, njoo umuage Babu," akasema. "Fundi anakuja Jumamosi kupima. Chumba cha nyuma tunakivunja, tunaweka fremu za maduka." Nyanya zangu niliziacha palepale.

Huyo Babu si babu wa mtu, rafiki yangu. Ni mifupa ya plastiki yenye urefu wa mtu mzima, imening'inizwa kwenye ndoano katika chumba tulichokiita nyumba ya sayansi. Mwalimu wetu mstaafu ndiye aliyekianzisha. Mzee mwenye duka alimwachia stoo yake bure, naye akaijaza mambo. Kulikuwa na baiskeli isiyo na matairi; ukiinyonga, balbu inawaka, ukichoka giza linarudi, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Kulikuwa na Mlima Meru wa saruji, ubavu wa mashariki umebomoka kama mlima wenyewe, na chini yake maziwa ya Momela ya vipande vya kioo. Mwalimu alitia magadi kwenye shimo la kileleni, akakamulia ndimu, na povu likashuka mpaka Momela. Tulimwomba arudie hadi ndimu zikaisha. Jioni harufu ya bajia za mama mwenye duka, mke wa yule mzee, ilipita chini ya mlango, na sayansi yote ikasimama.

Sheria ilikuwa moja. Huingii bila kumwamkia Babu, kwa sababu, alisema mwalimu, hapa ndani hakuna aliyemzidi umri. "Shikamoo Babu," tulisema kwa pamoja, na nyuma ya kabati sauti nzito ikajibu, "Marahaba. Mmenawa mikono?" Tulijua ni mwalimu. Tulijua, na bado tulishikana mikono.

Siku moja bibi yangu alikuja kutoka Kikwe na mkungu wa ndizi, akataka kuona mahali tunakopotelea kila Jumamosi. Alipotuona tunaamkia, naye ni mtu wa adabu zake, akaamkia pia. Kabati likajibu, "Marahaba." Bibi hakushtuka. Alitua ndizi, akaanza salamu kama tunavyosalimiana kwetu, bila haraka: habari za nyumbani, ng'ombe hawajambo, huko mvua imenyesha, mahindi yamebeba? Mwalimu akakwama. Kumkatiza mtu mzima katikati ya salamu hawezi, kwa hiyo mifupa ikajibu kwamba ng'ombe wazima na mvua ni ya manyunyu tu. Mwisho aibu ilimshinda, akatoka kichwa chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba," bibi akasema. "Ngoja kwanza. Huyu hajanijibu ya mahindi."

Tulicheka mpaka mama mwenye duka akaja mbio kuuliza nani kaumia. Mpaka leo sijui kama bibi alikosea au alikuwa anatuchezea. Hakuwahi kusema, na kwa hilo nilizidi kumpenda.

Jumamosi hiyo nilikwenda na binti yangu. Bati linavuja, Momela imeingia ukungu, na mkono mmoja wa Babu umepukutika vidole. Nilimwambia binti aamkie. Akaamkia vizuri, akasubiri, kisha akanigeukia. "Mama, mbona hajibu?" Mwalimu alishafariki, na bibi, na yule mama wa bajia. Nilimpandisha kwenye baiskeli, mimi nikaenda nyuma ya kabati kutafuta kopo la magadi, na kusema kweli nilikwenda kulia kidogo.

Ndipo nikasikia viatu. Mwenye duka alikuwa ameingia na fundi. Akasimama mlangoni, na bila hata kufikiri, kwa mazoea ya utotoni, akasema polepole, "Shikamoo Babu."

Nikaikaza sauti kadiri nilivyoweza. "Marahaba. Mmenawa mikono?"

Baiskeli tu ndiyo iliyokuwa ikilia, binti yangu ananyonga, balbu inawaka. Kisha yule bwana akaangua kicheko, akacheka hadi akakaa chini kwenye sakafu, anajifuta macho kwa shati. Fundi, futi ya kupimia mkononi, akauliza tuanzie ukuta upi.

"Anza na bati," akasema mwenye duka. "Babu ananyeshewa."

Hajaahidi kitu. Fremu bado zimo kichwani mwake, na kaniambia wazi kwamba chumba kisicho na watoto ni stoo tu. Kwa hiyo sasa kila Jumamosi nawakusanya watoto wa mtaani kwetu Sombetini, na nakukaribisha wewe pia na wa kwako. Harufu ya bajia hutaikuta, na sauti ya nyuma ya kabati siku hizi ni ya mwanamke. Lakini ukiamkia, utajibiwa.