Ufa Wenye Rangi ya Chai

Nakumbuka siku moja ambayo wewe, mwanangu, huwezi kuikumbuka, kwa sababu ulikuwa bado unanyonya. Tulikuwa tumetoka Kilwa, ile ya ng'ambo ya ziwa letu, na samaki, tukafikia kwenye ghala la wachuuzi pale Nchelenge. Samaki wa chumvi walipangwa ghorofani. Sisi wanawake tulitandika mikeka chini. Ziwa letu halina chumvi, lakini sisi tuliileta kwa magunia, na maji ya chumvi yaliyochuruzika kutoka kwa samaki yakanywewa na zege la dari mwaka baada ya mwaka.

Darini kulikuwa na ufa wenye rangi ya chai. Pasaka ilikaribia, tukakoroga simenti tuuzibe. Si tumefundishwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta? Mimi ndiye niliyeshika mwiko.

Mama Ngoi, mzee kuliko sisi wote na mjane wa fundi, akanizuia. Alichukua nyundo akaigonga dari polepole, akitega sikio. Kwingine kuliitika kwa sauti nzito. Karibu na ufa, juu ya mkeka wako, palitoa sauti ya mtungi mtupu.

“Usizibe,” akaniambia. “Chuma ya mu ndani iko inaoza. Inavimba, inasukuma simenti. Toa mutoto.”

“Mama, inje kuko mvula,” nikamjibu kwa hasira.

“Mvula haiui mutu. Toka naye.”

Nilihamia barazani nikinung'unika. Kabla uji haujachemka, kipande cha dari kilianguka pale pale ulipokuwa umelala. Nondo ikaonekana, nyembamba, nyekundu, imeliwa na kutu. Nilikukumbatia mpaka ukalia.

Sasa nimezeeka, na kusema kunanichosha. Nasikia dari ya ghala lako kule Puta imetoa doa lile lile la rangi ya chai, nawe umeshanunua rangi ya kulifunika. Wapiga kasia wanalala chini yake, mwanangu, nao wana mama zao. Kikulacho ki nguoni mwako, rangi haitakifikia. Hamisha watu kwanza, hata kama mvua inanyesha. Kisha gonga, sikiliza, umwite fundi abomoe mpaka akute chuma kizima. Na chumvi ishuke kutoka ghorofani, wachuuzi wanune wakitaka.

Mungu aliyekutoa chini ya dari ile akulinde, na kila atakayelala kwako aamke.