Mguu Kwanza, Kidole Baadaye

Dereva wa basi la shule, ambaye watoto walimwita Mzee Taratibu, alikuwa akifunga breki kwa ulaini usio na mfano. Inasemekana kuku mmoja alipanda basini kisirisiri, akatagia nyuma ya kiti chake, akaatamia, akaangua vifaranga saba, na yai hata moja halikupata ufa njiani. Asiyeamini akawaulize vifaranga.

Kwa miaka ishirini na minane aliwachukua watoto wa watu na kuwarudisha wazima. Kisha Jumatatu moja mwalimu mkuu akamwita ofisini, akamkabidhi tableti ya shule kwa mikono miwili, kama anayempa mtu mtoto mchanga.

"Mzee wangu, kuna agizo jipya. Kila dereva asome somo la usalama barabarani kwa mtandao. Mwishoni kuna mtihani. Unaruhusiwa kujaribu mara tatu, na siku ya mwisho ni Ijumaa."

"Na nikishindwa?"

Mwalimu mkuu alianza kupanga kalamu ambazo zilikuwa zimeshapangwa. "Ufunguo wa basi atapewa mwingine."

Nyumbani mtandao ulishika mahali pamoja tu: dirishani, penye cherehani ya mkewe, fundi wa sare za shule. Basi tableti ikaegemezwa kwenye cherehani, na dereva akakalia kiti cha fundi. Masomo yenyewe aliyamaliza upesi. Alama za barabarani alizijua kuliko nyuso za shemeji zake. Kazi ilikuwa mtihani. Kioo kilionyesha barabara kama dereva anavyoiona, na sauti ya mama mmoja, tamu lakini isiyo na mchezo, ikasema: "Gusa kioo mara tu uonapo hatari."

Barabara kumi zikapita. Akagusa, akagusa.

"Umepata mbili kati ya kumi," ile sauti ikasema. "Jaribu tena."

Mkewe akaja mbio kutoka jikoni, lakini si kwa ajili ya mtihani. "We mwanamume! Umeifanya nini suruali ya watu?"

Kumbe kila alipoona hatari, mguu wake ulikanyaga breki, na breki iliyokuwepo chini ya meza ile ni pedali ya cherehani ya umeme, ambayo ukiikanyaga ndiyo kwanza inakimbia. Suruali iliyoachwa chini ya sindano ilikuwa imeshonwa mguu huu kwa mguu ule.

"Mwenye hii ataenda shule akirukaruka kama chura," mkewe akasema.

Dereva hakucheka. "Nimechelewa kugusa, fundi. Macho yamezeeka."

Kesho yake akajaribu mara ya pili, akagusa kwa haraka zaidi. Akapata sifuri.

Jumatano aliosha basi bila kupiga mluzi. Kioo cha mbele alikifuta mara tatu, kama mtu anayetafuta ukungu ulipo na kuogopa kwamba uko machoni mwake mwenyewe. Mkewe alimwona kutoka mlangoni. Akaendelea kumtazama; nguo iliyokatwa vibaya haitaki kelele, inataka kutazamwa.

Alhamisi mchana akachomoa sindano kwenye cherehani. "Dereva, njoo. Fungua barabara moja ya mazoezi, isiyohesabiwa. Kanyaga unavyokanyaga."

Picha ikaanza. Cherehani ikanguruma. Fundi akahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Ndipo mpira ukaruka barabarani, na mtoto nyuma yake.

"Haya niambie," mkewe akasema. "Ulikanyaga kwa nini, na barabara ilikuwa nyeupe?"

"Nyeupe wapi? Huoni miguu ya watoto wawili chini ya gari lililoegeshwa? Mmoja amerudi nyuma hatua mbili. Huyo anataka kupiga mpira."

"Mimi nimeona gari tu."

"Basi wewe usiendeshe."

"Na huyu mama wa mtihani naye ameona gari tu! Hujachelewa, mume wangu. Umemtangulia. Hatari yake inaanza mpira ukitoka, yako inaanza kwenye viatu."

Dereva akakodoa macho. "Sasa ningoje mpira utoke? Mpira ukitoka mtoto ameshatoka!"

"Mtoto wa kioo hagongwi. Mguu wako ufanye kazi yake. Kidole kingoje."

Ijumaa asubuhi akakaa tena. Cherehani ikanguruma, kidole kikangoja hewani, mpira ukatoka, akagusa. Pikipiki, mbuzi, lori linalorudi nyuma: mguu kwanza, kidole baadaye. Jasho lilimtoka kama anasukuma lori lenyewe. Kwenye barabara ya nane, msichana mdogo mwenye begi kubwa alisimama pembeni akitazama upande mmoja tu. Kidole kikakataa kungoja.

"Umepata tisa kati ya kumi. Umefaulu."

"Ile moja?" mkewe akauliza.

"Ile moja sikuweza."

Chini ya kioo kukatokea kisanduku: Una maoni gani kuhusu somo hili? Dereva akavaa miwani, akatafuta herufi moja moja kwa kidole kilekile: *Mama, msingoje mpira. Angalieni viatu.*

"Asante kwa maoni yako," ile sauti ikajibu.

"Na wewe, mama," akaiambia, "endesha polepole." Akachukua ufunguo wa basi msumarini, akatoka akipiga mluzi, na fundi akaketi kuifumua suruali.