Mikono Iliyolipokea Jembe

Nilipokuwa mtoto wa kubeba kidumu cha lita tano, kijijini kwetu upande wa Fizi, mwanamke mwenye mimba hakuweka jembe chini kwa hiari yake. Alilima mpaka mama mkwe alipokuja shambani kulipokea kwa mikono miwili. Wazee walisema akiliweka mwenyewe, mtoto atalifuata ardhini.

Mama alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili. Mimba hii ilipofika miezi saba, miguu ilimvimba hadi viatu vikamkataa. Bibi, mama yake Baba, hakuja.

"Mimi nililima mpaka uchungu ukanikuta kwenye mihogo," alisema. "Hawa wa siku hizi wanavunjika kama vikombe."

Asubuhi moja Mama aliegemea mpini, macho amefumba, anaomba. Jembe hakuliachia. Niliogopa. Kisha nikakumbuka jina langu. Nilipewa jina la Bibi, na kwetu anayebeba jina hubeba na heshima yake. Mama mwenyewe aliniita "mama mkwe" kila nilipokataa kuosha vyombo.

Nikanyoosha mikono yote miwili. "Mkwe wangu, lete jembe. Umelima vya kutosha."

Mama alicheka mpaka akalia. Akanipa.

Nililibeba hadi kwa Bibi.

"Nani amelipokea?" akauliza.

"Wewe, Bibi."

Majirani waliokuwa wakimenya mihogo wakaangua kicheko. "Umepatikana, mama! Jikatae basi!"

Bibi aliinuka. Akachukua jembe, akalisimamisha nyuma ya mlango wake. "Haya. Mwambie mkwe wetu akalale."

Miezi miwili baadaye Mungu alitupa Baraka, mzima, sauti yake ikisikika hadi kisimani.

Mwezi uliopita Baraka huyo ndiye aliyeongoza nyimbo kwenye mazishi ya Mama. Mimi nilimsikiliza kwa simu hapa Yeoville, Johannesburg, kwa kuwa karatasi zangu za kuishi huku hazijatoka. Nililia, nikashukuru.

Sijui kama mtoto hufuata jembe. Najua Mama aliomba, na Mungu akatumia mikono iliyokuwa karibu.

Juzi, katika duka langu la ushonaji, mke wa mwanangu, mwenye mimba, alikuwa bado anakanyaga cherehani, miguu imemvimba. "Eish, Mama, nimalize tu hii gauni." Kazaliwa Johannesburg, mambo ya jembe hayajui. Nikasimama mbele yake, nikanyoosha mikono miwili mpaka akanikabidhi mkasi.

Nikauweka nyuma ya mlango. "Haya, mkwe wangu. Kalale."