Mguu wa Bibi kwa Kiswahili

Mjomba wangu ni mtu wa ofisi, na tangu aipate hiyo ofisi anakiona Kisukuma kama ndala alizoziacha kijijini kwetu Sola. Anasema ni lugha ya kusalimiana na kuswaga ng'ombe, mambo mazito yanataka Kiswahili. Mimi nilimwamini. Ndiyo maana nikimdharau yeye mara moja, najidharau mwenyewe mara mbili. Niliishia kidato cha nne, nikawa naota kusoma taarifa ya habari redioni. Nilisimama mbele ya kioo nikasoma ajali na mafuriko bila sauti kuyumba, nikadhani hicho ni kipaji.

Mwaka juzi bibi, mama yake mjomba, alilazwa Bariadi. Ana sukari, na kidonda cha mguuni kilikuwa kimegoma kupona. Daktari, mgeni mkoani asiyejua Kisukuma, alituita pembeni akatueleza kwa upole: mguu ukatwe chini ya goti kesho, la sivyo tutampoteza. Akataka mmoja wetu amweleze mgonjwa mpaka aelewe, ndipo aweke dole gumba kwenye fomu.

"Kijana atamwambia," mjomba akasema huku akitazama saa. Daktari alipoondoka akanishika bega. "Kwa Kiswahili. Anakisikia, si kila Jumapili anasikiliza mahubiri? Kisukuma kitampandisha presha bure."

Ya nani hiyo presha, sikuuliza.

Nikiwa njiani kuelekea wodini nilijaribu Kisukuma kimoyomoyo. Sikufika mwisho. Kwa Kisukuma mguu ule ulikuwa na ufa kisiginoni, ulikuwa ukinitangulia kwenye matuta ya pamba nami nikikanyaga ulipokanyaga. Kwa Kiswahili ulikuwa mguu tu, kama ule uliochorwa kwenye kitabu cha sayansi. Nikauchagua wa kitabuni, mwoga mimi.

"Bibi, kesho utafanyiwa upasuaji. Mguu utakatwa chini ya goti, ili kuokoa maisha yako." Sikutetemeka hata kidogo.

"Sawa, baba," akajibu, kwa sauti ileile anayomjibia bwana shamba. Akaweka dole.

"Umeona?" mjomba akaninong'oneza. "Hata chozi halikumtoka. Wewe ni mtangazaji kabisa." Na mimi, mjinga, nikafurahi.

Bibi akafuta wino kwenye khanga, akanigeukia kwa Kisukuma. Mvua za kwanza zikinyesha, akasema, lile shamba la bondeni atalipanda mwenyewe. Mimi nije tu nimshikie kamba ya kunyooshea mistari, maana mwaka jana niliipinda.

Nikaelewa kwamba maneno yangu yalimfika masikioni yakaishia hapo.

"Twende, tumemaliza," mjomba akasema. "Fomu si hii hapa, ina dole tayari."

Nikaketi kitandani, nikaweka kiganja kwenye goti lake. "Mayu," nikasema, yaani mama, kama tunavyowaita wanawake wakubwa kwetu. Nikamwambia kwa Kisukuma kwamba watamkata mguu huu, hapa, na hautarudi. Ile sauti ya redioni sijui ilikimbilia wapi. Nililia mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani.

Bibi aliuvuta mguu wake akauficha chini ya blanketi.

"Na mwanzo," akaniuliza, "ulikuwa unanihadithia mguu wa nani?"

Akamtazama mjomba. "Na wewe niambie."

"Mama, kitaalamu, ni kwamba..."

"Kwa ile niliyokulea nayo."

Mjomba akafungua mdomo. Mtu anayeendesha vikao vya watu arobaini, akatafuta neno moja la nyumbani kwao asilipate, au alilipata likamuuma. Simu yake haikuwa imeita, lakini aliiweka sikioni akatoka.

Bibi alilia, kisha akajipangusa uso kwa khanga ileile ya wino.

"Mwite daktari," akasema. "Aniambie kama hakuna njia nyingine, na wewe unitafsirie. Halafu alete karatasi. Lile dole la kwanza halikuwa langu."