Nyumba Iliyogeuka Njiani

Mtaa wetu ni wa zamani, pale juu ya soko, Masisi. Siku hizi wengi wanajenga kwa matofali, na nyumba ya matofali haibebeki. Nilipokuwa darasa la tano, karibu nyumba zote zilikuwa za mbao. Mtu akitaka kuisogeza yake, mtaa mzima ulikuja kuibeba ikiwa nzima, na mabati yake juu.

Ya koko wangu, mama wa baba, ilibebwa Jumamosi moja. Mvua ilikuwa imechimba korongo mpaka karibu na ukuta. Shangazi alikuwa ametuma neno kutoka Nyamitaba: nyumba ikianguka, koko ahamie kwake. Koko hakutaka. Kila asubuhi alikaa mlangoni akisalimia wanaopita barabarani, wenye majembe na wenye bidoni za maziwa. Alisema kule Nyamitaba atasalimia ng'ombe.

Wanaume walipitisha miti chini ya mbao. Wazee walishika kamba, watoto waliondoa mawe njiani, akina mama walipika viazi na maharagwe. Sisi wembamba tuliwekwa ndani, tushike nguzo na kutembea pamoja na nyumba.

"Mulango iangalie barabara!" koko alipiga kelele. "Nyumba yenye haione batu iko kaburi!"

"Koko, ukiendelea kusema tutakubeba na weye ndani!" alijibu papa katekista, mwalimu wetu wa dini, aliyekuwa akituhesabia hatua.

Koko akacheka, akaenda kukusanya kuku wake.

Katikati ya njia palikuwa na mti wa avoka, ikabidi tuuzunguke. Kwenye ufa wa mbao, upande wa mlango, niliona barabara. Halafu barabara ikaenda nyuma yangu, nikaona ua wa jirani mmoja, mama ambaye koko alikuwa hasemi naye tangu mbuzi wake ale maharagwe yetu. Nilijua tumegeuka vibaya. Lakini mbele yangu walikuwa watu wazima, na sauti yangu ilikuwa ndogo. Nikajiambia, mkubwa mmoja ataona. Kumbe wote walikuwa wakiangalia miguu yao kwenye matope.

Tulipoiweka chini, watu walipiga makofi. Koko akafika na kuku kwapani, akasimama.

"Ile mulango inaangalia wapi?"

Mlango ulikuwa umeelekea jiko la yule jirani, hatua kumi tu.

"Tutaigeuza kesho, Koko," alisema katekista. "Batu banachoka."

"Kesho niko Nyamitaba."

Aliingia ndani, akaanza kufunga nguo zake kwenye kitenge. Mimi nilisimama pembeni. Watu walikula, wakatawanyika.

Kisha yule jirani akavuka na kikombe cha maziwa ya moto.

"Mama, kunywa. Umeshinda na njaa."

"Mbuzi yako njo ilikula maharagi yangu."

"Ile mbuzi tulikula ku Noeli! Weye ungali unagombana nayo?"

Koko akaacha kufunga nguo. "Na hamukunitumia hata mufupa."

"Ulikuwa umenifungia mulango. Ningepitisha mufupa wapi?"

Koko alijizuia, akashindwa, akacheka mpaka akakaa juu ya kitenge chake. Maziwa akayanywa yote.

Kesho yake, baada ya misa, wanaume walirudi na miti yao. Walimkuta koko kwenye jiko la jirani, wote wawili wakimenya viazi pamoja.

"Muende kwenu," aliwaambia. "Barabara nitaiendea na miguu yangu."

Na kweli, mpaka leo anabeba kigoda chake kila asubuhi, anazunguka nyumba, anakaa nyuma yake kusalimia watu. Mgeni akiuliza kwa nini mlango uko upande ule, anasema watu wa mtaa huu wanabeba nyumba kama vipofu. Mimi huinama, naendelea kuchambua maharagwe. Sijamwambia bado kwamba mmoja wao aliona.