Kopo la Dawa Zilizobaki

Dada yangu hakuwahi kuninyima kitu, na kwa sababu hiyo nilikaribia kukatwa mguu. Leo nalisema bila kinyongo. Wakati ule, wallahi, nilimchukia siku mbili nzima.

Tuliishi mtaa wa Buterere, mimi, yeye na wanawe. Kabatini alikuwa na kopo la maziwa ya unga, ndani yake dawa. Desturi ya uani petu ilikuwa hivi: aliyepona analeta zilizobaki, anayefuata kuugua anazikuta. Nani atupe dawa nzima? Jino la huyu, kikohozi cha yule, dada anatoa vidonge viwili na pole juu yake. Nami nilikuwa hivyo hivyo, nikipata nafuu tu, zilizobaki narudisha koponi.

Basi bati likanichana muundi garajini, kule Zone Industrielle, kwenye viwanda. Dada akapasua vidonge vya rangi mbili, akanimwagia unga wake kidondani, vingine akanipa nimeze. Siku ya tatu kikakauka, nikaacha. Wiki iliyofuata mguu ulivimba ukanuka, hata kandambili haikuingia. Tukarudi koponi. Wapi!

Hospitali walipima usaha. Daktari, mama asiyejua kupaka maneno asali, akaniambia dawa tatu zimeshindwa kuua wadudu wale. "Unapoacha dawa katikati, wadudu wanyonge wamekufa, wagumu wamebaki. Hao ndio wanaozaana. Imebaki dawa moja ya kujaribu. Ikishindwa, tunakata."

Dada alikuwa amesimama pale pale. "Ni mi nilimupa," akasema. Hakujitetea hata kidogo. Nami, roho mbaya, nikageukia ukuta, nikamnunia siku mbili.

Sindano za dawa ile moja zilifanya kazi, alhamdulillahi. Nikarudi nyumbani na vidonge vya wiki mbili vya kumalizia. Asubuhi na jioni dada alinisimamia mpaka nimeze. Zile za koponi alikuwa amezirudisha hospitali zote.

Siku ya mwisho, kidonda kimefunga kabisa, akaingia jirani yetu muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, shavu limemvimba kwa jino. Ndiye aliyeniletea uji kila siku nilipolazwa. Akaona kidonge mkononi mwangu na kingine mezani.

"Kaka, si we umepona? Unipe hivyo viwili basi."

Dada akamwangalia, akaniangalia mimi. Huyu ni mwanamke aliyewahi kumvulia mgeni kitenge chake kipya.

"Apana," akasema.

Jirani akacheka, akidhani ni utani. Dada akajifunga kitambaa kichwani, akamshika mkono. "Tuende kwa dokta, nitakupeleka mimi mwenyewe." Lakini mlangoni akasimama, machozi yakimtiririka, akanisubiri nimeze.

Nikameza mbele yao wote wawili. Ndipo nikapata ulimi wa kumwomba dada msamaha kwa zile siku mbili.